Bodi Isiyorudi kwa Fundi

Kansanga, Kampala
19 Novemba 2008

Dada yangu Loice,

Nabisha hodi mlangoni kwako hapo Chwele, mimi mdogo wako Byron, nikiwa na Helen na Adong nyuma yangu. Hamjambo wote? Shemeji amerudi salama kutoka safari zake za Kitale? Na wale wateja wako wa sare za shule, bado wanakuletea kitambaa siku moja kabla ya shule kufunguliwa? Mama naye, nyonga imempa nafasi ya kulala, au bado anaulaumu ubaridi wa mlima? Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Mvua imekataa kwenda kwao. Kila alasiri radi inaanzia ziwani, upande wa Ggaba, inapanda na barabara hadi kwetu kana kwamba inatafuta mtu. Adong ameanza shule na sasa anatusemesha Kiganda. Mama yake na mimi tunaitikia tu, hatujui kama tunaombewa au tunatukanwa.

Uliponipigia simu juzi ukaniuliza kwa nini naacha kazi ya ufundi wa kompyuta dukani kwa tajiri wangu Wahabi, nilicheka nikakuambia nimechoka kutumwa. Ukanigombeza, na ulikuwa na haki, maana mtu mwenye mke na mtoto haachi mshahara kwa sababu ya kiburi. Nikakujibu kwamba simu inakatika. Haikuwa inakatika. Ni mimi niliyeikata, kwa sababu nilisikia sauti yangu inataka kunisaliti. Ndiyo maana naandika. Naogopa, Dada. Nakuambia mapema ili ukiniona nazunguka sana humu ndani ya barua usidhani nimejifunza maringo ya mjini. Ni woga.

Mpango wetu ni huu. Mwisho wa mwezi natoka dukani, na hapa nyumbani, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, Helen atafungua kazi ya kuchapa. Chuo kiko karibu, wanafunzi ni wengi, na kila mmoja ana utafiti wa kuchapwa ambao ameukumbuka siku za mwisho. Unajua Helen alikuwa karani wa polisi kabla sijamwoa, na vidole vyake akianza kuchapa huvioni. Kinachohitajika ni kompyuta, na kompyuta hiyo tumeiunda wenyewe, kipande kwa kipande, kwa sababu zile zinazouzwa zimeshafungwa sina uhakika na matumbo yake. Mashine hiyo ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada ya Adong, ndiyo unga. Ikifa hakuna nyingine, na hakuna wa kuifungua. Najua utauliza, si mume wa Helen ni fundi? Ngoja kidogo, nitafika huko.

Ndani ya kompyuta kuna bamba moja pana ambalo kila kitu hupachikwa juu yake. Linaitwa madabodi, ila sisi mafundi tunasema bodi tu. Juu yake inakaa prosesa, kidude cha mraba kinachoweza kulala kwenye kiganja, na hicho ndicho kinachofikiri. Hivi viwili vinaoana. Ukichagua bodi umechagua na aina ya prosesa, na huwezi kubadili nia bila kuvunja ndoa nzima. Vitu vingine vikiharibika utavibadilisha kimoja kimoja, lakini bodi ikiharibika umeanza upya. Miaka yote hii nimewachagulia watu bodi bila kusita, hata huku natafuna muhogo. Hii moja ya nyumbani kwangu ilininyima usingizi.

Nilichofanya ni hiki. Sikuanzia kwenye rafu, kwa sababu dukani kila bodi ni nzuri, inang'aa, na sanduku lake lina picha ya gari la mashindano. Nilikwenda nyuma ya duka, mahali tunapotupa zilizokufa kabla ya watu wa vyuma chakavu kuja kuzichukua. Nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kuzigeuza moja moja nione zilikufa kwa nini. Nyingi zilikuwa zimekufa kwa ugonjwa uleule. Vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, kapasita, vilikuwa vimevimba vichwa, na vingine vimepasuka na kutoa uchafu wa rangi ya chai. Umeme wetu wa kwenda na kurudi hauvihurumii. Nyingine zilipigwa na radi kupitia waya wa simu. Mimi nilikuwa natafuta aina ambayo haimo kwenye lundo lile, aina ambayo watu wanainunua kila siku lakini hairudi kwa fundi. Kila bodi niliyoigeuza nilimwona Helen amekaa mbele ya kioo cheusi, na mwanafunzi amesimama mlangoni anadai kazi yake.

Zikabaki jamii mbili. Katika ya kwanza prosesa haina miguu. Miguu iko kwenye bodi, mamia ya visindano vyembamba kama nywele, na unailaza prosesa juu yake kisha unaikandamiza kwa kishikio cha chuma. Ni nzuri na ina kasi, lakini mkono ukicheza kidogo tu wakati wa kuilaza, visindano vinapinda na bodi imekwisha. Katika ya pili miguu iko chini ya prosesa yenyewe, na bodi ina matundu. Ukiiweka sawa inashuka yenyewe bila kusukumwa, na mguu mmoja ukipinda mtu mtulivu anaweza kuunyoosha kwa ubapa wa wembe. Nilichagua ya pili. Nikachukua bodi isiyo na mbwembwe, yenye kapasita ngumu zisizo na maji ndani, inayotoa picha yenyewe ili pasiwe na kadi nyingine ya kuharibika. Prosesa nayo nikachukua isiyo na joto jingi, yenye nduguze tele madukani, ili ikifa leo Helen aweze kwenda kununua mwenzake kwa kutaja jina tu.

Wahabi alinitazama nikiirudisha bodi kwenye sanduku na kuitoa tena, akapoteza subira. Huyu unamjua kwa maneno yangu, yule tajiri wangu mwenye duka Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa, ambaye ulimi wake haupumziki. Akawaita wateja waje kumwona fundi wake anayenunua bodi kama mtu anayeposa. Akaniambia, akiniita bwana kwa Kiganda, “Ssebo, hii si bibi, ni bodi tu. Chukua, enda. Mimi nataka kufunga, mvula inakuja.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni na sikuutoa mpaka nilipofika nyumbani.

Jumapili tulipotoka kanisani nilitandika shuka mezani karibu na dirisha. Nikamwambia Helen anawe mikono, aguse kwanza chuma cha dirisha ili umeme wa mwilini umtoke, kisha akae kwenye kiti changu. Akashangaa. Nikasema mashine ni yake, lazima aijue ndani na nje. Mimi nikakaa kando, nimeukalia mkono wangu. Helen amelelewa kwenye kambi za polisi, Kiswahili chake ni cha amri na kwa kawaida mwamrishaji ni yeye, lakini siku hiyo alifuata amri zangu. Nilimwonyesha pembe ya prosesa yenye alama ya pembetatu, nikamwambia aioanishe na alama iliyo kwenye bodi kisha aiachie, asiisukume hata kidogo. Radi ilikuwa imeshatufikia. Kila ikipiga, Helen alishtuka na kuinyanyua prosesa tena. Mwishowe akaiachia. Ikashuka, ikakaa. Akafunga kishikio kidogo cha pembeni, akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, akaibana feni juu yake kwa nguvu mpaka bodi ikalia na mimi nikafumba macho. Tukangoja radi ipite ndipo tukaunganisha umeme. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, Adong akapiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia, nikalia.

Hapa, Dada, kama unamsomea Mama barua hii, simama. Mwambie yaliyobaki ni ya kompyuta tu. Yanayofuata yasome peke yako.

Mkono wangu wa kushoto unatetemeka. Ulianza kwenye kidole gumba, mapema mwaka huu, ukiwa umetulia tu mezani. Nilidhani ni uchovu. Kisha siku moja dukani nilikuwa nalaza prosesa ya mteja, ya ile jamii ya kwanza, mkono ukaruka kana kwamba umeitwa na mtu mwingine. Visindano vikapinda vyote vya upande mmoja. Bisimwa, fundi mwenzangu anayetoka Bukavu, aliona. Hakunitangaza. Alinivuta pembeni akaniuliza polepole, “Kaka, mukono yako inacheza yenyewe tangu siku gani? Miye naonaka hii kintu siku mingi.” Ndiye aliyenipeleka hospitali, kwa sababu mimi ningejificha hadi leo.

Daktari alinifanya nitembee chumbani, nigonge vidole, niandike jina langu. Akanitajia ugonjwa wenyewe. Akasema dawa za kupunguza zipo, za kuponya hazipo, na kazi ya vitu vidogo niiache mapema, kabla sijawaharibia watu vitu vyao. Kisha akauliza kama kuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuwa hivi. Nikasema hapana, tena haraka. Nilipofika kwenye ngazi za nje nikamkumbuka Baba, nikakaa palepale.

Unakikumbuka kidole gumba cha Baba? Kilivyokuwa kikijisokota kama kinachosokota tumbaku, hata akiwa amesinzia kwenye kiti? Watu walisema ni pombe ya busaa, na Baba hakuwa akiionja busaa. Wengine wakasema amerogwa kwa ajili ya shamba. Mwishoni hakuweza kushika kijiko, na Mama alimlisha kama mtoto. Hakuna aliyempeleka kwa daktari, kwa hiyo hakuna aliyetuambia ni nini. Nilirudi ndani nikasema ukweli. Daktari akanieleza kwamba si lazima, kwamba mara nyingi haurithiwi, lakini zipo nyumba ambazo ugonjwa huu hutoka kwa mzazi ukaenda kwa watoto, hivyo niwaambie ndugu zangu. Ndugu zangu ni wewe, Dada. Tuko wawili tu.

Helen nilimwambia Jumapili hiyohiyo, mashine ikiwa bado inanguruma taratibu mezani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanikatiza. “Mimi najua zamani. Wewe nakunywa chai na mikono mbili tangu Pasaka. Mimi nangoja tu mdomo yako.” Kisha akasema natetemeka mara mbili, mara moja kwa ugonjwa na mara nyingine kwa woga. Huo wa ugonjwa tutautafutia dawa, lakini wa woga ni juu yangu mwenyewe. Najaribu. Tangu siku hiyo anafungua kompyuta na kuifunga kila jioni, anatoa kila kitu na kukirudisha, na mimi naelekeza kwa mdomo tu. Woga wangu ungepungua, Dada, kama jambo hili lingenihusu mimi peke yangu.

Msalimie Shemeji na watoto wote, uwaambie mjomba wao anawakumbuka kwa majina. Mwambie Mama tutakuja Krismasi Mungu akipenda, na Helen atambebea simsim ya kwao. Helen anakusalimu sana. Adong naye anakusalimu, kwa Kiganda.

Kabla sijatia sahihi kuna jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Jana nilikuwa napiga pasi lile gauni ulilomshonea Adong alipoanza shule. Nikaligeuza ndani nje. Mshono wako naujua tangu ulipokuwa ukiniwekea viraka kwenye kaptula, ulikuwa umenyooka kuliko mstari wa daftari. Kwenye pindo, pale uliposhona kwa mkono, sindano imepotea njia. Imepanda, imeshuka, imerudi palepale. Helen ameliona, akasema labda ni macho. Mimi nimelikunja nikaliweka chini kabisa ya sanduku, maana siwezi kulitazama. Niandikie upesi uniambie taa ilikuwa imeisha mafuta, ukamalizia gizani. Na kama taa ilikuwa inawaka, Dada, usiniandikie. Panda basi uje.

Ni mimi mdogo wako,
Byron Khaemba