Alumini Haisubiri Wekundu

Kaka, shika simu. Nimetoka karakana sasa hivi.

Yule msimamizi mpya, shemeji wa bosi, amezoea shaba, ile inayoiva nyekundu kabla ya kuyeyuka. Leo tunayeyusha alumini chakavu ya kutengenezea masufuria. Imeshalainika kama uji, namwambia, "Mzee, tumimine." Ananijibu, "Haijawa nyekundu. Ongeza feni, moto upande."

Haijawa nyekundu! Alumini inayeyuka na weupe wake, kaka! Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka mbele ya wote: "Malenga, kaghani kwenu. Moto huu ni wangu."

Basi nikaongeza feni. Alumini ikizidi moto hula chuma; chungu chetu cha chuma kikalika, kikatoboka chini, alumini ikatiririka sakafuni hadi miguuni kwa fundi wa kalibu, zile za kumiminia masufuria. Kilichomwokoa ni kuruka.

Bosi akaja mbio. Shemeji yake, bila haya: "Huyu kijana kazidisha feni."

Huyu kijana! Mimi!

Bosi akanivuta pembeni: "Omba radhi tu mbele ya wenzako, kazi yako ipo."

Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Radhi aombwe aliyeruka, na aombe aliyeagiza feni." Nikavua glavu, nikamkabidhi shemeji mtu.

Miaka minne ya tanuru imeishia hapo. Mama hajui. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe.