Maktaba Uliyoiita Salama

Yaya Muhindo, kaka yangu wa kazi,

Wanasema mtu akifa tumwache apumzike. Mimi nimeshindwa kukuacha upumzike, ndiyo maana nakuandikia. Niko kwenye bureau, ofisi yetu ya kliniki hapa Bulengera, mvua inapiga mabati, na fonie, ile redio yetu, imenyamaza kwa sababu Beni wameshajibu yote ya leo.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Lori lililokuua bado limelala kwenye mtelemko wa kwenda Beni, na watu wanakata magurudumu yake kutengeneza viatu. Askari waliokuwa wanashika mji wameondoka, wamekuja wengine, wanaweka vizuizi palepale. Bibi yako Kavugho amerudi kwao na watoto wenu. Wako wazima. Mchungaji bado anakutaja katika maombi, anakuita kijana aliyetupatia sauti wakati barabara ilikuwa imefungwa. Watu wanasema amina. Mimi naangalia viatu vyangu.

Unakumbuka tulivyokuwa kabla hujaja. Tulikuwa tunaongea na daktari wa Beni kwa fonie ya sauti, na kila mwenye redio alikuwa anatusikia. Tukiuliza namna ya kutoa risasi mguuni, jioni askari wako mlangoni wanauliza nani amepigwa. Donc tulikaa kimya, na watu walikufa katika ule ukimya. Halafu ukaja wewe na ordinatere, kompyuta ya zamani uliyopewa na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, na CD uliyoipata kwa padri wa Kampala. Ulisema ndani mna programu ya kutuma barua kupitia redio, zimefungwa kwa siri. Hewani zingesikika kama nzige tu.

Mais programu haikuwa tayari. Ilikuwa code source, yaani maandishi matupu ambayo mtu lazima ayajenge mwenyewe ndipo mashini iyaelewe. Mimi nilikuwa sekretere, nilijua machine à écrire tu, taipureta ya kliniki. Ulinikalisha karibu yako, tukaanza. Mashini ikakataa, ikasema inakosa maktaba fulani. Nikakuuliza maktaba ni nini, nikidhani unasema vitabu. Ulicheka. Ukasema ni kazi ambayo mtu mwingine ameshaifanya, na programu inaiazima badala ya kuianza upya.

"Programu haikuye peke yake, Masika. Inakuya na famille yake yote."

Ilikuwa kweli. Tulijenga maktaba ya kwanza, nayo ikadai nyingine. Tukajenga hiyo nyingine, ikasema inataka ya chini yake, tena si ile iliyo kwenye CD, inataka ya zamani zaidi. Wakati huo magari yalikuwa hayapiti. Ulikwenda Beni kwa mguu, ukarudi umevimba nyayo, diskete umeifunga kwenye nailoni ndani ya soksi. Nilikuchemshia maji ya chumvi, ukaweka miguu humo huku mashini inajenga, mistari inapita kwenye ekra kama mchanga. Siku daktari wa Beni alipotujibu kwa mara ya kwanza, tulikula ndizi za kuchoma tukiwa tumesimama, hatukuweza kukaa.

Na ulinipa sheria moja. Uliirudia mpaka nikachoka nayo: "Soma kwanza. Hapana jenga kitu chenye haujasoma."

Sasa nifike pale ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Unakumbuka yule kijana wa Mulekera aliyeletwa na risasi tumboni? Muuguzi wetu Paluku alimficha nyuma ya chumba cha wazazi. Aliniomba niandikie Beni kwamba tunahitaji damu. Niliandika mimi mwenyewe, na wewe ukiwa unashikilia waya wa batri. Kesho yake asubuhi askari waliingia. Hawakutafuta. Walipita wodi zote moja kwa moja mpaka mlango ule. Walimchukua kijana pamoja na kitanda chake, na Paluku aliposimama mbele yao walimchukua na yeye. Hakuna aliyerudi. Mama yake Paluku bado anakuja hapa kila siku ya soko, anauliza kama tumesikia kitu.

Watu wakaanza kutafuta mdomo uliosema. Wakamwangukia Mama Georgette, aliyekuwa anatupikia, kwa sababu alikuwa anauza kahawa kwa askari barabarani. Komite ya kliniki ilikaa. Wewe ulikuwa memba, ulikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nakumbuka alivyosema: "Haiko miye. Banangu, munanijua. Haiko miye." Alituangalia mmoja mmoja. Alikuangalia na wewe, Yaya. Ulikuwa unakwangua rangi ya dirisha kwa ukucha.

Wakamfukuza. Akashuka Beni na masufuria yake kichwani.

Halafu ukafa wewe, na nililia kuliko bibi yako. Wiki za baadaye radi ilipiga, disque dur ya ordinatere, ile inayotunza kila kitu, ikaungua. Nikasema sawa, nitaijenga upya, Muhindo amenifundisha. Mfanyabiashara yule alinipatia nyingine kutoka Kampala. Kavugho akanipa boksi la diskete zako zote. Alisema, "Chukua, miye sijue kuzitumia."

Nilifuata njia yako. Maktaba ya chini kabisa kwanza, kisha ile inayoikalia, kisha inayofuata. Ikaenda vizuri mpaka programu yenyewe, ile uliyoirekebisha kwa ajili ya redio yetu. Hapo ikasimama. Ikasema inakosa maktaba inayoitwa salama.

Nilitafuta kwenye CD ya padri, haimo. Nikasoma karatasi ya maelezo iliyokuja na CD, inataja kila kitu ambacho programu inategemea, salama haimo. Niliikuta kwenye diskete yako moja. Nilifurahi, nikadhani ni kazi yako uliyoifanya kuturahisishia. Nilikaribia kuijenga hivyohivyo. Nikasikia sauti yako ikisema soma kwanza, nikasoma.

Haikuwa ndefu. Ilichukua nakala ya kila ujumbe kabla haujafungwa kwa siri. Ilisubiri redio ikose kazi, ndipo ikaituma nakala ile kwa kituo cha tatu. Sisi tulikuwa na vituo viwili, Yaya. Bulengera na Beni kwa daktari. Juu ya mistari hiyo uliandika kwa Kiswahili chako: hapana gusa hapa.

Nilisoma tena, polepole, nikitumaini sijui kusoma. Kisha nikakumbuka batri. Mara ngapi nilikuuliza kwa nini zinaisha haraka wakati hatutumi barua nyingi, na wewe ukasema zimezeeka. Zilikuwa hazijazeeka. Zilikuwa zinafanya kazi yetu na kazi yako.

Nilikwenda kwa Kavugho. Sikumwambia nimeona nini, nilimuuliza tu kama kuna wakati askari walikushika. Alisema ndiyo, ile safari ya Beni ya pili, ulipompelekea daktari vyombo vyake, walikukamata navyo vyote. "Balimurudisha kesho yake, hata kofi habakumupiga. Na batri ya mupya balimupa. Tulimushukuru Mungu." Alikuwa anatabasamu aliposema hivyo. Bado anamshukuru Mungu kwa siku ile. Na mimi nilimshukuru, Yaya, nilifunga na kuomba kwa ajili yako siku nzima hapa bureau.

Najua walikuogopesha. Labda walikutajia watoto wako. Mimi sina hukumu juu ya mtu aliyewekewa bunduki kwenye kichwa. Lakini ulirudi hapa. Ulikaa kwenye kiti hiki, bega lako kwa bega langu, hakuna bunduki chumbani. Ungeniambia kwa neno moja tu. Tungeandika barua za uongo kwa masikio yao, na za kweli tungezipeleka kwa mguu. Tungesema mashini imekufa. Ulinifundisha kusoma kila kitu kilichoandikwa na watu nisiowajua, Wazungu wa mbali ambao hawakunidanganya hata mstari mmoja, ili nisisome chako. Ndicho kinachonikata. Uliniamini kwamba nitakuamini.

Na Mama Georgette. Hilo hata bunduki haikukulazimisha.

Nilichukua code source ya CD, ile safi, nikaiandika upya sehemu ya redio kwa mikono yangu. Nikajenga bila maktaba yako. Ikatembea. Haikuhitaji salama hata kidogo. Sasa batri zinakaa.

Kisha nikapanda piki mpaka Beni, nikamtafuta Mama Georgette. Anaishi Mulekera, mtaa wa hukohuko Beni, kwa dada yake, wanalima mihogo. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye jembe lake. Nilimweleza yote, alikuwa haelewi ordinatere, lakini alielewa jina lako. Akaniuliza, "Ule siku alikuwa anajua?"

Nikasema, alikuwa anajua.

"Miye nilimupelekea chai kila asubui," alisema. Halafu: "Uniambie miye peke yangu, itanisaidia nini? Wende useme kule kwenye balinifukuzia."

Nilimwendea mchungaji. Aliniomba nikuache, alisema marehemu hawezi kujitetea, na watoto wako watabeba jina lile shuleni. Nimelifikiria hilo sana, kwa sababu napenda watoto wako. Mais Mama Georgette naye ana watoto, na wamelibeba jina lisilo lao tangu siku ile. Na mama yake Paluku anauliza kila siku ya soko. Nani atamjibu kama si mimi?

Kwa hiyo nakuaga leo, Yaya, kabla hujasikia kutoka kwa wengine. Jumapili nitasimama baada ya matangazo. Nitasema miguu yako ilivyovimba ukituletea diskete, maana ni kweli. Nitasema na ile nyingine, maana nayo ni kweli. Kavugho nitamwambia Jumamosi nyumbani kwao, nikiwa nimekaa naye chini, asiipate habari hii kanisani. Watoto wako wakitaka kujifunza kazi hii nitawafundisha, na sitawaficha baba yao alifanya nini.

Mama Georgette amesema atapanda kuja. Nimemwahidi nitamngoja barabarani na tutaingia pamoja, tukae benchi la mbele.

Sijakusamehe. Nimejaribu, haijafika. Ikifika nitakuja kaburini nikuambie kwa mdomo wangu.

Lala, Muhindo.

Masika