Rangi Isiyo ya Jua

Kajaani,
Alhamisi asubuhi, mwezi wa kwanza

Kwako dada yangu Kerttu,

Pokea salamu zangu nyingi na za nyumba nzima. Sisi hatujambo, ni baridi tu inayotukata masikio, na watoto wamerudi shuleni na mafua yao. Mama nilimpigia juzi, naye hajambo, analalamikia goti na majirani kama kawaida yake, goti kidogo, majirani zaidi. Wewe je, unaendeleaje? Siulizi kwa mazoea. Nauliza kwa sababu nataka kujua, na najua utanijibu "mzima tu" hata kama umelala sakafuni.

Tapani amekuja kuazima mashine yenu ya kuondolea theluji, yetu imekufa, nikaona mume wangu asije mikono mitupu. Kwenye chupa ya themosi kuna mchuzi wa samaki. Niliupika jana usiku, nikautia chumvi mpaka Tapani akakunja uso, kwa hiyo wewe utaupenda. Unywe kidogo kidogo huku unasoma, usiubugie. Na tafadhali, dada, kaa chini. Usisome umeegemea friji kama unavyosoma kila kitu.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Nilipiga jana. Uliniambia ni tumbo tu la kutapika, eti limewashika wengi hapo kijijini kwenu, na nilipoanza kukuuliza maswali ukanikatia. Mkesha wa mwaka mpya ulinikatia vilevile. Barua huwezi kuikatia. Naandika katika chumba cha chai hapa wodini, mwandiko utanisamehe, naandika mbiombio na kahawa ndiyo inazidi kuniharibu. Sina raha, Kerttu. Tangu Krismasi nimekaa roho juu kwa ajili yako, na leo nitasema yote, maana wewe mtu akikuambia "njoo" bila kukupa sababu, hutoki.

Nianzie kule kwenye mvuke wa sauna kwa Mama, mkesha wa Krismasi. Tulikuwa watatu, Mama, wewe na mimi. Mama alikutazama ukivua nguo akasema umerudi kutoka visiwa vya Kanari umeiva kama mkate uliosahauliwa kwenye joko. Ukacheka, nami nikacheka. Mlikwenda mwezi wa kumi wewe na mumeo Pentti, mkaota jua wiki nzima, una haki ya kuwa na rangi. Halafu ukapanda benchi la juu, mimi nikabaki chini nakutazama, na kicheko kikanikauka. Hukuwa na mstari wa nguo ya kuogelea. Mimi nikitoka juani nabaki na rangi mbili mpaka aibu. Wewe mgongo, kiuno, kifua, kote ni rangi ileile ya kahawia, na sisi wote tunajua wewe ndiye mweupe kuliko wote kwetu. Usiniambie uliota jua uchi kule ufukweni. Wewe ambaye hata sauna ya kazini unaingia na taulo.

Basi nikaanza kukukagua. Najua ni tabia mbaya, lakini jicho la wodini halivuliwi pamoja na sare. Uliponipa kata ya maji nikaona mistari ya kiganja chako imekuwa myeusi. Pale ulipojikata na kisu cha samaki mwezi wa tisa pamepona, na kovu lake ni jeusi pia. Ulipocheka nikaona madoa kwenye fizi. Na mbavu! Mbavu zako sijaziona tangu tukiwa wasichana. Kisha Mama akamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, na wewe uliyezoea kututania tukikimbilia mlango ukashuka kimya, ukakaa sakafuni, kichwa kati ya magoti. Mama akasema uzee umekufikia. Ukasema umeinuka haraka mno, basi.

Mezani nikaendelea kukutazama. Nyama hukuigusa, keki hukuitaka. Ulikula samaki wa chumvi, na ulipodhani tumegeukia dirisha ukainua bakuli ukanywa maji yake. Pembeni ya sahani palikuwa na pakiti ya zile pipi zako nyeusi za chumvi, salmiakki, unakula moja baada ya nyingine kama mtu anayemeza dawa. Ila hapa kwetu nani atamshangaa mtu kwa kula salmiakki? Watoto wetu wanakula, Mama anakula kanisani. Ungekuwa unalamba chumvi kwenye kijiko tungeshtuka sote. Pentti mwenyewe alikuwa anakununulia pakiti kubwa akidhani anakudekeza.

Baadaye nikakufuata nje kwenye kuni nikakuuliza umechoka tangu lini. Ukasema tangu majani yaanze kuanguka, na kwamba daktari wa huko kwenu amekupa vidonge vya kuongeza damu na kukuambia upumzike. Nikasema huenda ni tezi zako. Hapo ndipo uliponivuka ukarudi ndani. Sikulaumu. Mwaka juzi nilikutia hofu na tezi ya shingo, ukapimwa, huna kitu. Kabla ya hapo lilikuwa lile doa la mgongoni, nalo likawa doa tu. Mimi ni mtu wa kushtuka, nakubali, na nyumba nzima mnanicheka. Mkesha wa mwaka mpya nilipojaribu tena kwa simu, ulinijibu maneno ambayo bado nayasikia.

"Mimi si mgonjwa wako, Vuokko. Mezani kwa Mama nataka kukaa na mdogo wangu, sitaki kukaa na nesi. Ukija kwangu kunipima kwa macho, mlango sifungui."

Nikaacha kuuliza. Wewe ni mkubwa wangu, na tangu utoto ukisema basi huwa ni basi.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza mtu baki. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hizo ndizo zinazotoa homoni inayoshikilia presha na chumvi mwilini, na ndizo zinazokuinua ukishikwa na homa au ukiumia. Zikianza kufa, zinakufa taratibu. Mtu anakonda, anachoka, akisimama kizunguzungu, anatamani chumvi. Ubongo nao unazidi kutuma amri ya kuziamsha, na amri hiyo ikizidi ndiyo inayoipaka ngozi rangi, hata mahali ambapo jua halijawahi kufika. Si saratani. Ni vidonge vya kotisoni, vya kuziba pengo la homoni hiyo, kila siku maisha yako yote, na kuongeza dozi ukiugua, basi. Wapo tunaowafundisha hapa kliniki, wanarudi na mashavu, wanateleza juu ya theluji kwa ski kutupita. Ningekuwa na hofu ya ugonjwa peke yake nisingekuwa naandika hivi.

Hofu yangu ni tumbo. Niruhusu nikueleze kuhusu mkata magogo mmoja tuliyempokea, jina sitataja. Viganja vyake vilikuwa vyeusi, mkewe akidhani ni grisi ya mashine, kila jioni anavisugua kwa brashi. Halafu akashikwa na tumbo la kawaida kabisa, la kutapika, akamwambia mkewe amwache alale, litapita. Mtu mwenye tezi nzima analala, linapita. Yeye mwili wake haukuwa na kitu cha kumwinulia. Alifika kwetu amelegea, presha haisomeki, tukamtundikia dripu, tukamchoma kotisoni, tukakimbia huku na huku. Mkono wake niliushika mimi mpaka ukaacha kunishika. Mkewe alikuwa kwenye korido amebeba ndara zake, ananiuliza kama ameanza kula.

Jana mchana Pentti alinipigia akiwa kaskazini na lori la magogo. Alitaka kuniuliza dawa ya kuzuia kutapika. Akasema tangu Jumapili huweki kitu tumboni, na kila akikupigia umelala, na bado unasema Jumamosi utakwenda kwenye mbio za ski. Kisha akacheka, akasema hata hivyo umemshinda. Mliwekeana dau kwamba mwaka mpya ukiingia huli tena pipi nyeusi, kwa sababu kwenye televisheni wamesema zinapandisha presha, na tangu siku hiyo hujagusa hata moja, kwa hiyo yeye ndiye atakayefua mikeka ya nyumba mwaka mzima. Nikamwomba arudie. Akarudia, akidhani nafurahi.

Dada, sikufurahi hata kidogo. Ndani ya zile pipi kuna mzizi, ule unaozipa utamu. Mzizi huo unaufanya mwili uibane ile homoni usiipoteze haraka, hata kama iliyobaki ni kidogo tu. Wewe bila kujua ulikuwa unajitibu kwa pipi za dukani miezi yote hii. Mkacheka, mkawekeana dau, mkaliondoa tegemeo, na wiki hiyohiyo tumbo likaja. Ndipo nilipokupigia, nawe ukanikatia.

Leo alfajiri nilimfuata daktari wetu, mama Lindqvist, yule mkali ambaye huwa hatuthubutu kumsogelea kabla hajanywa chai. Nikamweleza mstari wa nguo ya kuogelea, kovu, fizi, maji ya samaki, pipi. Nilidhani ataniambia niende nikafanye kazi. Aliweka kikombe chini.

"Yuko wapi sasa hivi?"

Nikamwambia uko nyumbani, peke yako.

"Basi asikae huko mpaka jioni."

Kwa hiyo sasa naungama, na ukasirike ukiwa umekaa. Mashine yetu ya theluji haijafa. Iko bandani, nzima kabisa, Tapani aliitumia jana. Hakuja kuazima chochote. Amekuja kukuchukua. Mchuzi ni wa chumvi ili ikufae njiani, si kwa sababu unaupenda. Nilimtuma yeye kwa sababu shemeji yako humfungii mlango, na kwa sababu mimi ningelia kabla sijamaliza kukuamkia. Wakati unasoma haya, funguo za gari lako zimeshaingia mfukoni mwake, maana nakujua, ungesema unakuja mwenyewe nyuma yake. Akiona umechanganyikiwa, au huwezi kusimama, ataita ambulensi hapohapo wala hatakuuliza.

Na kibaya zaidi ni hiki. Jina lako nimelitaja. Nimempa daktari jina lako na mwili wako wote kama nilivyouona ukiwa uchi kwenye sauna ya mama yetu, mahali ambapo tulifundishwa kwamba yanayoonekana mle hayatoki nje. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo kwa mtu yeyote ningemkaripia mbele ya wenzake. Pentti naye nimemwambia, sikumficha kitu. Ameshusha mzigo njiani na anarudi. Umeniomba niwe mdogo wako nisiwe nesi wako, nami nimekukosea kwa yote mawili, kama mdogo wako na kama nesi. Ningerudi nyuma ningefanya hivihivi tena, ila ningefanya siku ileile ya Krismasi.

Ukifika hakuna la ajabu litakalotokea. Tutakulaza, tutapima presha ukiwa umelala, kisha tutakuinua taratibu tuipime tena. Tutachukua damu, na kotisoni utachomwa hapohapo, majibu yatakuja baadaye. Kama nimekosea, utarudi nyumbani na tobo moja mkononi na utakuwa na hadithi ya kunisimanga nayo kila Pasaka, mbele ya Mama, mbele ya watoto wangu, mpaka nizeeke. Tangu asubuhi namwomba Mungu niwe nimekosea. Sijawahi kutaka kuchekwa kama ninavyotaka leo. Lakini kama sijakosea, Kerttu, mimi mkono mwingine siwezi kuushika namna ile. Wa mtu baki niliushika. Wako siwezi.

Mama sijamwambia. Hilo nimekuachia wewe, utampigia ukiwa kitandani na sauti yako imerudi, nawe utajua la kumwambia na la kumpunguzia. Watoto wanakusalimu, mdogo anauliza utakuja lini kumfundisha kugeuka kwenye ski, nimemwambia theluji bado ipo.

Sasa weka barua chini. Usioshe chupa, usitandike kitanda, usitafute soksi zinazofanana. Njoo na hizohizo nguo za kulalia, Tapani ana koti lake kubwa atakuvika juu. Nitakuwa mlangoni na kiti cha magurudumu, na usianze kubishana nami kuhusu kiti. Utaninunia, najua. Ninunie mwaka mzima, ninunie miaka, usinitazame wala usiniite jina, alimradi uwepo wa kuninunia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Vuokko