Mstari Hafifu wa Ng'ombe wa Mahari

Jumatatu, 9 Juni 2025
Sijawahi kumwambia mtu hili. Wiki iliyopita, Monari, daktari wa mifugo, alipowapima ng'ombe wetu ugonjwa wa kutupa mimba, niliuona mstari wa pili, ule wa ugonjwa, kwenye kipimo cha yule mwekundu, wa mahari ya dada Mourine. Hafifu mno. Daktari akasema hana kitu. Nikanyamaza. Aibu yangu hii!

Leo Nyangi, mke wa kaka, amekunywa vikombe viwili vya maziwa ya mgando ya ng'ombe huyo. Ana mimba ya miezi mitano, na ugonjwa huu humfikia mtu kwa maziwa mabichi.

Jumanne, 10 Juni
Daktari aliachia klabu yetu ya sayansi vipimo vilivyobaki, na damu ya ng'ombe wetu. Nimetonesha nta ya mshumaa katikati ya karatasi ya kipimo, nukta tatu ndogo. Damu ya yule mwekundu ikapanda polepole — kingamwili zikapata muda wa kunasa. Mstari wa pili ukatoka, umekolea! Damu ya ng'ombe wetu mweusi: hakuna mstari wa pili. Madam Lynnet, mwalimu wa klabu, akasema mara moja ni bahati, nirudie. Nimerudia mara mbili zaidi kwa kila ng'ombe. Vilevile. Anapeleka damu maabara. Majibu baada ya wiki mbili.

Wiki mbili! Vikombe vingapi hivyo?

Alhamisi, 12 Juni
Nilimfuata Monari kwenye josho la ng'ombe. Nikamnyooshea tu karatasi zote sita.
"Msichana, mstari wa kutafutwa si mstari."
Wanaume wakacheka. Ati nta imeharibu kipimo. Nikauliza: kama imeharibu, mbona mweusi hana mstari wa pili? Akageukia ng'ombe waliokuwa wakisubiri.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia Baba. "Wakwe wa Mourine wanakuja kesho. Nitukane ng'ombe wao kwa sababu ya mshumaa?"
Nikasema basi tuchemshe maziwa. Nyanya akaruka: "Mgando unachemshwa wapi, mjukuu wangu? Na lazima wanywe maziwa ya ng'ombe wao, waone anatunzwa."
Nyangi ananiamini nusu. Anaogopa kukataa mbele ya wazee.

Jumamosi, 14 Juni
Wakwe waliketi. Nyanya akammiminia Nyangi mgando kwanza, aonje. Nyangi akanitazama.

Nilimpokonya kikombe. Nikachukua na kibuyu, nikaenda kumwaga yote chooni. Nikanawa kwa sabuni. Baba alikuwa akiita jina langu. Nikarudi, nikapanga karatasi sita mezani, mbele ya baba mkwe wa Mourine, nikamwambia, kwa sauti, aanze kutazama ya kushoto, ya ng'ombe wake.