Vichwa Kumi na Viwili vya Ming'oko

Kijiji cha Namikulo, Lindi
6 Oktoba 1974

Mpwa wangu Scholastika,

Barua hii ikukute mzima. Mama yako hajambo, goti lake ni lile lile la siku zote, na mimi sijakohoa tangu Julai. Utueleze hali yako na hiyo kazi ya kupiga chapa.

Anayekuletea ni jirani yetu Filbert, fundi wa matofali, anakuja huko kutazamwa macho. Ana kikapu chako. Ndani mna vichwa kumi na viwili vya ming'oko, viazi vyetu vya porini, vimefunikwa kwa udongo wa kwao. Si chakula, ni mbegu.

Sababu ni hii. Tumehamishwa. Tangu tarehe 20 Septemba tunakaa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari. Sina neno nacho; kisima kiko karibu na shule inajengwa. Lakini kile kichaka cha bondeni, ambako bibi yako alichimba ming'oko maisha yake yote, kimepimwa kuwa shamba la mtama la kijiji. Trekta inaingia mvua ikianza. Ming'oko ya porini ipo kwingine pia. Ile ya bibi yako, nyeupe, laini, inayoiva kabla sufuria haijatulia, iko pale tu. Mwaka wa njaa aliozaliwa mama yako, watu tisa tulikula hiyo miezi minne na hatukuzika mtu.

Unajua kwetu cha bibi hushuka kwa binti wa binti. Mimi mlinzi tu. Mwenyewe ni wewe.

Nimechimba vichwa thelathini na viwili. Ishirini nimevipanda nyuma ya nyumba hapa, kumi na viwili ni vyako, kwa kuwa mbegu ya ukoo haiwekwi ghala moja. Panda kina cha kiganja, kijicho kikitazama juu. Kila kimoja kipe mti wa kupandia. Mwaka wa kwanza usichimbe.

Mjomba wako,
Pantaleo


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
2 Novemba 1974

Mjomba, shikamoo.

Nami ni mzima, macho tu yanachoka kwa mashine. Mwambie mama nimeshanunua dawa ya kuchua, Filbert ataileta. Yeye amepimwa, ameambiwa arudi baada ya miezi kadhaa kuchukua miwani.

Vichwa vimefika kumi na viwili, vimepandwa kumi na kimoja. Filbert aliacha kikapu jikoni nikiwa kazini. Bi Zeina, mke wa mwenye nyumba, akaona kiazi juu juu, akakichemsha na samaki. Niliporudi alinisifia na kuniuliza kama vingine vimebaki. Nimehamishia kikapu chumbani.

Mwenye nyumba ni Bwana Nasor. Duka lake la vitambaa liko mbele, sisi wapangaji tunakaa vyumba vya uani. Kwanza alikataa, akasema ua ni wa kuanika nguo. Nilikuwa bado nimesimama na jembe la kuazima, balozi wa nyumba kumi akaingia. Siku hizi kuna kampeni ya kilimo cha Kufa na Kupona, na hata sisi wa mjini tunatakiwa kuonyesha tulichopanda. Balozi akauliza shamba la nyumba hii liko wapi. Bwana Nasor akatazama ua wake wote, akaninyooshea kidole. "Lile pale. Huyu binti ndiye bwana shamba wetu."

Kwa hiyo nimepata ukuta mzima wa nyuma. Sita nimevipanda ardhini kando ya ukuta, vitano kwenye madebe ya mafuta niliyopewa dukani kwake, nimeyatoboa chini. Balozi alipoondoka nilimweleza Bwana Nasor kwamba mmea huu hutambaa kama kamba. Akaniuliza, "Mahindi nayajua, Bi Scholastika. Hii kamba inazaa nini? Kamba nyingine?"

Namwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mpwa wako,
Scholastika


Namikulo
16 Februari 1975

Mpwa wangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Huku tumepata mafua ya kupokezana, sasa yamekwisha. Dawa ya goti inafanya kazi. Mama yako juzi alitembea mpaka kisimani na kurudi bila kupumzika.

Trekta iliingia bondeni tarehe 11 Desemba. Nilikwenda kutazama. Ilichukua siku mbili. Mtama sasa unafika kiunoni na ni mzuri, nasema kweli. Kichaka hakipo.

Vyangu ishirini vimeota vyote. Weka majivu kidogo shinani, mchwa hawayapendi. Habari za Bi Zeina nimewasomea watu hapa. Wamekubali kwamba kwa samaki ni sawa.

Mjomba wako,
Pantaleo


Kariakoo
19 Julai 1975

Mjomba, shikamoo. Natumaini mu wazima nyote. Mimi mwili ni mzima.

Nilitaka kuandika Aprili lakini nikasubiri habari iwe nzuri zaidi. Aprili kamba zote kumi na moja zilikuwa zimevuka ukuta. Majani yalifunika bati la choo. Balozi alileta wageni wawili wa tawi la chama, wakapima kwa hatua na kuandika. Bwana Nasor aliwaeleza kila kitu kama amevipanda yeye. Wateja wake walikuwa wanapitishwa dukani mpaka uani kutazama.

Juni majani yalianza kugeuka manjano. Nikaongeza maji, asubuhi na jioni. Yakazidi. Nikanunua samadi Buguruni nikaweka. Wiki iliyopita jani la mwisho limeanguka. Kamba zimekauka, ukizishika zinavunjika mkononi. Bi Zeina anasema mmea umekumbuka kwao. Bwana Nasor jana ameomba madebe yake.

Mjomba, sijui nilikosea wapi. Nimelelewa bwenini kwa masista tangu miaka saba. Ming'oko niliijua ikiwa sahanini. Sikupaswa kupewa kitu hiki. Nashukuru kwamba ishirini vya kwako vipo.

Niandikie la kufanya, kama lipo. Naendelea kumwagilia ile sita ya ukutani.

Mpwa wako,
Scholastika


Namikulo
1 Agosti 1975

Scholastika,

Sisi wazima. Barua yako imefika leo mchana na ninaijibu kabla sijala.

Acha maji. Leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu. Haijafa, imelala. Ming'oko hulala kila kiangazi. Majani huanguka, kamba hukauka, na kiazi hutulia chini mpaka mvua ya vuli. Akilala hataki maji. Ukimpa anaoza.

Kosa ni langu. Sikukuambia kwa sababu katika maisha yangu sijakutana na mtu asiyejua.

Lingine, nalisema mara moja tu. Nguruwe mwitu waliingia nyuma ya nyumba usiku wa tarehe 9 Julai. Wamefukua vyote ishirini. Nimechuja udongo ule kwa ungo siku tatu, sikupata hata kipande. Kwa hiyo kilichopo duniani cha bibi yako kiko uani kwa huyo Bwana Nasor.

Mjomba wako,
Pantaleo


Kariakoo
13 Septemba 1975

Mjomba, shikamoo. Poleni kwa nguruwe. Mimi ni mzima.

Barua yako imenifikia jana, nikiwa na ruhusa ya kazini. Uliandika 1 Agosti. Muhuri wa posta ya Lindi ni wa 4 Septemba. Sijui ilikuwa wapi mwezi mzima.

Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaenda moja kwa moja ukutani na mwiko. Ile sita imeoza. Nimechimba yote, ni uji mweusi, inanuka. Nimeimwagilia kwa mkono wangu mara mbili kila siku, Julai yote na Agosti yote.

Bi Zeina alinikuta nimekaa chini, akamwita mumewe. Nikamsomea Bwana Nasor barua yako. Aliposikia "akilala hataki maji" alinikatiza. Akasema madebe aliyamwaga mwenyewe mwisho wa Julai, nyuma ya choo, kwenye rundo la mchanga uliobaki kwa fundi. Mahali pale pana bati juu. Hapajapata tone.

Akafunga duka, saa tano asubuhi, siku ya Ijumaa. Akakunja kanzu mpaka magotini na kuanza kufukua kwa mikono, akanikataza jembe, akasema jembe litakata. Bi Zeina akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Mje muone, leo mume wangu kuku, anaparua mchanga." Akaendelea kufukua. Cha kwanza tulichokipata kilikuwa kimekauka kabisa. Cha pili kilikuwa kigumu, kizito. Nikakikwaruza kwa ukucha, ndani cheupe, kina maji.

Vimepatikana vinne vizima, vina viazi vya ukubwa wa dole gumba. Bwana Nasor alivipanga juu ya kipande cha kaniki. Akasema, "Kumbe wewe ulikuwa unaua kwa wema, na mimi nikaokoa kwa hasira."

Nimevirudisha mchangani, pale pale. Havimwagiliwi. Sasa niambie yote.

Mpwa wako,
Scholastika


Namikulo
30 Septemba 1975

Mpwa wangu,

Tu wazima. Barua ilikuwa kwenye koti la Uwesu, jirani wa hapa kijijini. Nilimpa aipeleke Lindi. Akalivua koti kwa joto, akalivaa tena mwezi uliofuata. Ameniomba radhi kwa kuku.

Vinne vinatosha. Sikiliza.

Usiviamshe. Vikiamka vyenyewe utaona vijicho vyekundu, kama meno ya mtoto. Ndipo uchukue kisu kikali. Kila kijicho kikate na nyama yake, upana wa vidole viwili. Paka majivu penye jeraha. Laza vipande kivulini siku tatu, vikauke ngozi, ndipo upande. Kichwa kimoja hutoa vitatu, ukiwa na bahati vinne. Mwakani majani yakianguka, shangilia. Na siku utakapochimba chakula, kata kiazi, kichwa kirudishe shimoni, ukifunike, ukanyage kwa kisigino cha kushoto. Bibi yako hakuacha shimo wazi hata akiwa na njaa.

Nimeandika mpaka wino umekwisha. Kama nimeruka jambo, uliza kabla hujatenda.

Mjomba wako,
Pantaleo


Kariakoo
10 Oktoba 1976

Mjomba, shikamoo. Natumaini mama amepona jino. Mimi nimenenepa, utasikia kwa Filbert.

Vinne vilitoa kumi na vitatu. Kumi na vitatu vimelala Juni bila mtu kuvigusa. Majani yalipoanguka Bwana Nasor alitoka dukani akawatangazia wapangaji, "Imelala. Atakayemwaga hata maji ya kunawa hapa anahama." Wiki iliyopita vimeamka, nimekata, nimehesabu mara tatu: thelathini na sita.

Ishirini na vinne viko kwenye sanduku analokuletea Filbert, ambaye safari hii amekuja kubadilisha miwani. Mchanga ni mkavu. Kumi nabaki navyo ukutani. Viwili amechukua Bwana Nasor, ameviweka kwenye debe mlangoni mwa duka, na wanaokuja kuuliza kitambaa wanasubiri kwanza wasikilize habari ya nguruwe. Ameongeza idadi ya nguruwe.

Kabla hujapanda, jenga ua wa miti, nguzo ziingie ardhini mkono mzima. Samahani kwa kukufundisha.

Mpwa wako,
Scholastika


Namikulo
21 Agosti 1977

Mpwa wangu Scholastika,

Salamu kutoka kwa mama yako, aliye mzima na aliye hapa ubavuni akinisemea haraka kuliko ninavyoandika. Mimi kifua ni kizuri. Wewe je, na Bwana Nasor, na Bi Zeina?

Ua niliujenga kama ulivyoamuru. Vimeota ishirini na vitatu. Jumapili iliyopita, ingawa wewe nilikukataza mwaka wa kwanza, nilichimba viwili tu vya kuonja, nikarudisha vichwa na kukanyaga. Mama yako alipika. Sufuria haijatulia, vimeiva. Alikula cha kwanza, akala cha pili, akasema, "Ni yenyewe."

Watu wamekuja kuomba mbegu. Nimewaambia mimi mlinzi tu, mwenyewe yuko Dar es Salaam. Hapa kijijini haiitwi tena ya bibi. Inaitwa ya Scholastika. Sikuwaagiza mimi.

Mwenyekiti wa kijiji anataka kila nyumba ipewe kichwa kimoja mvua ikianza, na ametaka mtu wa kuwafundisha. Nimemwambia yupo, atafundisha kwa barua, nami nitaisoma mkutanoni. Vijana wengi hapa walikulia huku barabarani kabla sisi hatujahamia, bondeni hawakupajua.

Kwa hiyo kaa kwenye hiyo mashine yako, uandike yote. Hata yale unayoona kila mtu anayajua. Anza na hayo.

Mjomba wako,
Pantaleo