Bomba Lililo Chini ya Tairi la Spea

Gereji ya Daraja Mbili,
Arusha.
14 Desemba 2015

Mpendwa kaka Abdiel,

Shikamoo. Habari za Njombe na mvua zake? Mama anaendeleaje na magoti? Sisi huku ni wazima. Sia anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili. Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima, hata siuoni nikiwa gereji.

Najua simu yako imekufa, na jambo hili siwezi kulipitisha kwenye simu ya jirani yenu, ndiyo maana naandika. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho. Isome ukiwa umekaa, na tafadhali usimsomee Mama.

Nakumbuka mlivyopanga: tarehe kumi na nane mnaanza safari, wewe, shemeji Anjela, watoto na Mama, mje tupande wote Rombo kula Krismasi nyumbani. Gari ni lile nililokuuzia mwezi wa sita. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Kabla hujaja kulichukua nilibadilisha matairi. Zile rimu za alumini nilizipenda, nikazibakiza kwangu, nikakufungia rimu za chuma zenye matairi ya mtumba. Hukuuliza, na mimi sikusema. Lakini kila rimu ya zamani ilikuwa na sensa ndani, kijidude kinachopima upepo wa tairi na kupeleka taarifa kwenye dashibodi. Nilipozitoa, taa ya njano ikawaka na ikakataa kuzima.

Fundi mwingine angebandika utepe mweusi juu ya taa yakaisha. Mimi nilijiona mjanja zaidi. Nilichomoa sensa zote nne, nikazitia kwenye bomba la plastiki, nikaliziba, nikalijaza upepo kiasi cha tairi na kulificha kwenye buti, chini ya tairi la spea. Taa ikazima. Nilicheka peke yangu, kaka. Tangu siku hiyo gari lako linapima upepo wa bomba, siyo wa matairi.

Ujanja huohuo nilimfanyia mzee Saruni, mfugaji wa Kisongo. Jumatano, akitoka mnadani, tairi lake la nyuma lilipungua upepo taratibu njia nzima, likapasuka, gari likaingia mtaroni. Mkewe Namnyaki amevunjika nyonga. Taa haikuwaka.

Juzi mzee alikuja gereji. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, kisha akatoa bomba langu ndani ya shuka lake na kuliweka juu ya kompresa.

"Fundi," alisema, "hili bado lina upepo."

Akaondoka. Afadhali angenichapa fimbo.

Basi kaka, nakuomba usisafiri na gari hilo. Ikibidi, fungua buti, toa bomba, ulitoboe. Taa itawaka, iache iwake. Tafuta kipima upepo, upime kila tairi kwa mkono wako kila mkisimama, Iringa, Dodoma, Babati. Hasa la nyuma kushoto. Lile lilikuwa na pancha ubavuni nikaliziba, na tairi la namna hiyo halifai safari ndefu. Nilijua hivyo siku nilipolifunga.

Rimu zako nimeshazifungua kwenye gari langu. Naona aibu, na naogopa kuliko ninavyoona aibu. Ukiweza, unisamehe.

Msalimie sana shemeji Anjela, na watoto, Ndeshi na Romanus. Mama mwambie magoti yake nayaombea. Mungu awe mbele yenu kila kona ya barabara.

Ni mdogo wako anayekupenda,
Ephraimu

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Sia alipoingia na simu. Jirani yenu ametuma ujumbe kwamba Mama ameshindwa kusubiri na mmeondoka leo alfajiri. Nimepakia jeki na rimu zako, naelekea Babati na barua hii mfukoni. Jirani anasema kabla ya kuondoka uliwasha gari ukamwita Mama aangalie dashibodi, aone mwenyewe kwamba hakuna taa hata moja iliyowaka.