Chakula Kilichofungwa kwa Karatasi

Jumatatu, 3 Machi
Nimesafisha friji kabla ya kwenda shule, kama kila Jumatatu. Wali wa Alhamisi. Maharagwe yaliyoota manyoya meupe. Sukuma wiki imegeuka ute. Nusu ya ugali wa jana, mgumu kama jiwe la machimbo. Mume wangu, Wafula, hali kiporo. Anasema chakula cha jana ni cha mbwa. Basi napika kipya kila jioni, kisha natupa. Nimetia yote kwa karatasi ya plastiki, nikafunga na uzi mwekundu wa kufuma sweta, mafundo mawili, nikapeleka kwa lundo nyuma ya ploti yetu ya kupanga. Lori la taka halijaja wiki ya tatu sasa. Funza. Nimeziba pua, nikarusha, nikakimbia.

Saa nne nikawafundisha Gredi ya Saba kwamba chakula kikiozea kwenye lundo hutoa gesi inayoongeza joto duniani. Nimechora mchoro mzuri ubaoni. Sikuona haya hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Harufu imeingia mpaka kwa shuka. Nimemfokea keateka, mtunza ploti. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sipiki. Nyinyi ndio mnapika mkitupa."

Nikatazama lile lundo vizuri, mara ya kwanza. Chapati nzima. Mikate. Pilau ya sherehe ya nyumba namba sita, karibu sufuria nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbili bila maziwa. Nimeenda kumuuliza Yeiyo, anayetuuzia. Ndivyo ninavyomwita mama wa Kimaasai aliye ng'ambo ya ua wetu, kwa heshima, kama mama yangu. Ng'ombe wake mweusi amelala, tumbo limefura kama ngoma. Hali. Hacheui. Nyasi ziliisha Noonkopir, mtaa wetu wa Kitengela, ni nyumba tu, kwa hivyo ng'ombe wake hula kwa lundo letu. Nimewaona hapo kila siku. Sikuwahi kufikiria.

Jumamosi, 8 Machi
Ng'ombe amekufa alfajiri. Shemeji yake Yeiyo akampasua, sisi wanawake wa ploti tumesimama hapo. Tumboni likatoka bonge la plastiki, kubwa kama mto wa kulalia. Kamba. Karatasi za mkate. Na katikati, uzi mwekundu. Mafundo mawili.

Yeiyo akauliza, hamtazami mtu: "Munafunga chakula kwa karatasi. Ng'ombe atafungua na mikono gani?"

Tukarudi nyumbani mmoja mmoja. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia neno. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwake, nikasema: ule uzi ni wangu.

"Najua," akasema. "Umenifungia mayai na hiyo uzi mara ngapi? Nilikuwa nangoja kama utasema."

Hakusema amenisamehe. Hakunipa kiti.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia Wafula kiporo kitaliwa, ama apike yeye. Akasonya. Akalala njaa. Na alale.

Jumamosi, 15 Machi
Tumekaa wanawake saba kwenye ngazi. Tumekubaliana: maganda mabichi kwa ndoo wazi, ya mbuzi wa Yeiyo. Kilichoharibika kwa shimo la mbolea, na majani makavu juu, kigeuzwe kila wiki. Na kila mtu apike kinachotosha. Mama wa namba sita akacheka, akasema yeye hakuja Kitengela kulisha mbuzi.

Nikavaa glavu, nikaanza kufungua karatasi za lile lundo, moja moja. Mchuzi wa kijani ukanitiririkia hadi kwenye viwiko. Nilipata tatu za kwangu, hata hazijatobolewa. Nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Jumamosi, 29 Machi
Jana Wafula alikula githeri ya juzi. Akaongeza.

Asubuhi nimepeleka ndoo kwa Yeiyo: maganda ya viazi, ya ndizi, mabua ya sukuma. Nikamsalimu kwa Kimaasai, supa. Akajibu ipa, basi. Akamwaga yote chini, akachutama, akapitisha vidole kwa yale maganda polepole, akitafuta karatasi. Hakupata. Mbuzi wanasukumana nyuma yake. Akapitisha vidole tena, tangu mwanzo.

Nikasimama, nikamngoja amalize.